Gari-nyumba na mvua za Ireland: mie nabisha

Wiki hii ubishi hosteli umehamia kwenye zile gari-nyumba, yale magari yenye kitanda, jiko na choo humo humo, ambayo watu wanazungukia pwani ya Atlantiki. Wengi wanasema kuzunguka magharibi ya Ireland namna hiyo ni kutupa pesa, eti kule mvua tupu. Mie nabisha.

Kwanza tuelewane. Njia yenyewe inaitwa Wild Atlantic Way, ilizinduliwa 2014, ina urefu wa kama km 2,500, toka Donegal kaskazini mpaka Kinsale kule Cork. Wanaendesha kushoto kama sisi.

Haya, mvua. Sehemu za chini za magharibi zinapata kama milimita 1,000 hadi 1,400 kwa mwaka. Dar nayo inapata kama 1,100! Tofauti ni kwamba ya kwetu inamwagika kwa hasira halafu inaaga, ya kwao inadondoka kidogo kidogo, sehemu nyingine siku kama 225 kwa mwaka. Upepo unatoka baharini na unyevu wake, unakutana na milima, unapanda, unapoa, mvua hiyoo. Jiografia ya sekondari hiyo jamani. Sasa ukisubiri jua ndipo ukaone Cliffs of Moher, yale majabali ya mita 214 juu ya bahari, utasubiri sana. Gari-nyumba ndiyo dawa: ukungu ukifunga unachemsha chai, ukifunguka unatoka. Aliyelipia hoteli usiku mmoja hana nafasi hiyo.

Ila na wapenzi wa gari hizo nawageukia. Kinachonikera ni ule mtindo wa kujaza friji mjini, kulala bure kando ya bahari, asubuhi huyoo. Kijiji kimebaki na nini zaidi ya alama za matairi? Na barabara zenyewe nyembamba. Conor Pass kule Kerry, gari la zaidi ya tani 2 haliruhusiwi, na gari-nyumba nyingi zinazidi hapo.

Halafu pwani ile siyo ya picha tu. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni 1 Ireland, wengine kama hao wakahama, na magharibi iliumia sana. Huko huko ndiko Kiayalandi kimebaki lugha ya nyumbani, kwenye maeneo yanayoitwa Gaeltacht. Vibao vya majina ya vijiji huko ni Kiayalandi peke yake. Mgeni akilalamika kwamba vinamchanganya, mie mwalimu mtarajiwa namwambia: shuka uulize! Lugha inaishi kwa kuulizwa na kujibiwa, haiishi kwa kupigwa picha kibao. Sisi tunaobishana kila siku kuhusu lugha ya kufundishia tungekuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mvua isikuzuie. Lala kwenye kambi halali ulipie, nunua mkate na samaki kijijini, jifunze hata salamu moja, Dia dhuit. Na punguza kilometa: wiki nzima Connemara na Mayo ni bora kuliko kukimbiza njia yote. Ukimaliza km 2,500 bila kusalimiana na mtu, hujasafiri, umehamisha chumba chako tu.

Naomba kuwasilisha. Anayebisha aje na hoja!