John Gilmore Hakupotea

Hukumu juu ya mpiga saksafoni John Gilmore imekaririwa muda mrefu kana kwamba ni tanzia: mtu mwenye kipaji cha kusimama bega kwa bega na John Coltrane, akajifungia takriban miaka arubaini katika bendi ya Sun Ra, kisha akafa mwaka 1995 bila ya jina kubwa lililo lake. Waisemao hayo hudhani wanamtetea. Kwa hakika wanamtweza, tena mara mbili. Wanamfanya mjinga asiyeijua thamani yake, na wanaufanya muziki kuwa duka, ambamo asiyetundika kibao mlangoni hahesabiwi miongoni mwa wenye mali.

Milango ilikuwa wazi kwake. Mwaka 1957 alirikodi santuri ya Blue Note kwa ushirika na Clifford Jordan, Horace Silver akiwa kwenye piano na Art Blakey kwenye ngoma. Baadaye Blakey huyo huyo alimchukua katika Jazz Messengers, na mwaka 1965 wakafika hadi Japani. Alipiga pia na Andrew Hill na McCoy Tyner. Kisha akarudi kwa Sun Ra. Aliyerudi kwa miguu yake mwenyewe haitwi mfungwa.

Alirudia nini? Alirudia mazoezi yasiyokwisha, na kiongozi aliyemtungia kila mpigaji sehemu yake kwa kuijua pumzi yake. Humo ndimo Gilmore alimoifinyanga ile sauti inayoanzia chini kabisa na kupanda hadi ukelele, bila ya kuupoteza wimbo. Coltrane mwenyewe alikiri, katika mahojiano ya mwaka 1966, kwamba alikuwa amemsikiliza Gilmore kwa makini kabla ya kurikodi «Chasin' the Trane» mwaka 1961. Basi huyo anayesemwa kuwa alipotea ndiye aliyekuwa akifuatwa!

Kosa la wahakiki hao linatokana na imani kwamba jazi huria ni kutokuwa na mtu wa kukuelekeza. Mpenzi wa ushairi aliyeshuhudia ugomvi wa arudhi na mashairi huru ataitambua imani hiyo upesi, na udhaifu wake pia. Sun Ra, aliyeonekana kuvunja kila kaida, aliwahi kukaa kwenye piano ya Fletcher Henderson mjini Chicago katika miaka ya 1946 na 1947, akitumikia bendi ya mwingine. Hakuionea haya shule hiyo. Hata uzeeni bendi yake ilipiga nyimbo za Henderson usiku ule ule ilipopiga zile kelele za sayari zilizowatimua wasikilizaji wengine ukumbini.

Hapana haja ya kumtakasa Sun Ra. Nyumba yake ya Philadelphia, walikohamia mwaka 1968, ilikuwa na amri zake: ulevi marufuku, na mazoezi saa yoyote atakayo mwenyewe. Fedha zilikuwa haba. Santuri za Saturn, walizozichapisha wenyewe na kuziuza mkononi baada ya maonyesho, mara nyingi hazikutaja nani alipiga nini. Hapo ndipo palipostahiki lawama, penye majina yaliyoachwa nje ya jalada. Lakini mhakiki anayemlilia Gilmore kwa kukosa jina, naye akaandika kurasa kumi juu ya mavazi ya Sun Ra na mstari mmoja juu ya saksafoni, amelifuta jina hilo kwa mara ya pili.

Sun Ra alipofariki Mei 1993, Gilmore, ingawa afya yake ilikuwa imezorota, aliishika bendi mpaka kifo chake. Akafuatia Marshall Allen, mpiga saksafoni aliyeingia humo mwaka 1958. Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 100, Allen alitoa albamu yake ya kwanza ya studio kwa jina lake pekee. Wapo watakaouliza kwa nini alichelewa hivyo. Muulizaji huyo na azishushe rafuni santuri za Sun Ra za miaka sitini iliyotangulia, azisikilize moja moja, kisha ahesabu ni ngapi zisizo na pumzi ya Allen ndani yake.