Tulipokosa Kwenda Changuu



Ndugu msomaji, likizo ya Juni iliyopita niliwapeleka watoto Unguja, kwao mama yao. Mkubwa ana miaka sita, mdogo mitatu. Kwa mazoea ya ukatibu nilikuwa nimeandika ratiba ya siku nzima: asubuhi Kisiwa cha Changuu, kisha Jozani, kisha Kizimkazi, na usiku Forodhani tukinywa urojo. Mama watoto aliisoma, akaikunja, akanirudishia bila neno. Ukimya ule nilipaswa kuuelewa.

Changuu ndiko walikotamani watoto, kwa ajili ya kobe wakubwa ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Tulifika ufuoni mapema. Kusi ilikuwa ikivuma na bahari haikutulia. Nahodha alikuwa mcheshi. Nikamlipa nauli yote. Mke wangu akauliza majaketi ya watoto ya kuokolea maisha yako wapi. Yakatolewa mawili, yote ya watu wazima. Mkubwa alipovalishwa, lilimfika magotini, na alipoinua mikono likapanda likamfunika uso. Kwa mdogo hata hatukujaribu.

“Ni karibu tu, mama,” akasema nahodha. “Hata nusu saa haifiki.”

Mke wangu akanigeukia mimi. “Baba Hamza, mimi siingii, na wanangu hawaingii.”

Nakiri nilikasirika. Watu walikuwa wakitutazama, na fedha nimeshatoa. Nilimwambia, kwa sauti ninayoionea haya hadi leo, kwamba anawaharibia watoto siku yao. Hakubishana. Alisema tu kwamba yeye ni mtu wa Unguja. Mwaka 2011 ilizama Spice Islander ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata Skagit ikitoka Dar es Salaam. Nyumba nyingi za visiwani ziliingia msiba, na ya wakwe zangu ni mojawapo. Hayo nilikuwa nikiyajua siku zote. Nahodha alinirejeshea nusu ya nauli. Iliyobaki sikuidai, ingawa naona nilikuwa na haki nayo.

Watoto walilia njia nzima hadi Jozani. Huko Mola akatufariji kwa kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Hawaogopi watu. Mmoja, mwenye mtoto kifuani, aliketi kwenye tawi lililo usawa wa macho ya mwanangu. Mtembezaji alitukataza kuwasogelea au kuwapa chakula, akaeleza kwamba hula majani machanga na matunda mabichi, na kwamba baadhi yao hutafuna makaa ili kupunguza sumu iliyomo katika majani hayo. Mkubwa akataka kujua nani aliwafundisha. Mtembezaji akatabasamu, akaelekeza kidole juu.

Barabarani hapo yapo matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima wanapovuka. Gari letu lilipopunguza mwendo, nikajisemea: mtoto wa kima amewekewa tuta, na wangu nilitaka kumvusha bahari hivi hivi.

Adhuhuri ilitukuta Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao maandishi ya Kikufi yaliyochongwa upande wa kibla yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne nyingi baadaye, na kwa nje asiyejua angepita bila kugeuza shingo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Mdogo alilala begani kwangu kabla sijayaanza. Mkubwa aliuliza jambo moja tu, kama waliochonga yale maandishi walikuwa na watoto. Nikamjibu kwamba bila shaka walikuwa nao.

Forodhani tuliifuta. Tulikaa kivulini karibu na bahari, tukala samaki na mikate ya ufuta, watoto wakaokota makombe hadi Alasiri. Mwenye watoto wa umri huu namshauri mahali pawili kwa siku, si panne, na khanga ya ziada ya kumlaza aliyechoka.

“Kobe wale huishi zaidi ya miaka mia,” mke wangu akasema akikung'uta mchanga kwenye viatu vya mdogo. “Watatungoja.”

Tuliporudi Dar es Salaam nilikwenda Kariakoo, nikanunua majaketi mawili ya vipimo vyao. Yananing'inia nyuma ya mlango wa chumba chao. Mdogo hulivaa lake wakati wa kula.