Nukta tatu zilimkosesha mama samaki wateja

Wasee, hizi nukta tatu tunazomwaga kila mahali zinaitwa dukuduku. Kwa mazungumzo zinaonyesha mtu amekwama au ameachia maneno njiani: "Mimi sikuchukua, ni..." Hapo sawa. Ukinukuu, zinaonyesha umeruka maneno, na hapo ndipo nilikosea.

Mama mmoja wa hapa Otonglo aliniambia, "Samaki wa Uchina nauza ngege wa ziwa akikosekana, na mteja namwambia." Mimi nikaposti: "Samaki wa Uchina nauza..." Eti iwe fupi! Wateja wakamhama. Ruka salamu, ruka "yaani" zote kumi, lakini sharti la mtu usiliruke.

Nimerudisha sentensi nzima. Jana nikampitia kibandani. Akasema, "Wewe kijana..." akaendelea kupaa samaki.