Hiyo "Tu" Iliyonitia Kalamu Mkononi: Barua ya Wazi kwa Mkutubi wa Bunge la Marekani

Mheshimiwa Mkutubi,
Maktaba ya Bunge la Marekani,
Washington.

YAH: SAUTI ZA VIPINDI VYA MWANZO VYA BURUDANI NA VIPAJI KATIKA TELEVISHENI



Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Ofisi yako ya Nairobi, iliyoko tangu 1966, hununua vitabu na magazeti ya lugha hii na kuyapeleka kwenye rafu zako, basi hata barua hii haitakosa msomaji humo ndani. Mimi ni fundi mitambo mstaafu wa redio. Ujana wangu wote umepita nyuma ya kioo cha studio, hedifoni masikioni na wembe wa kukatia utepe mkononi. Ninayoyaandika si ya nchi yangu, ni ya kwenu, lakini maradhi ya utepe hayaulizi uraia.

Mei 1946 NBC ya New York ilianza kurusha Hour Glass, kipindi cha saa moja chenye nyimbo, vichekesho na dansi, Helen Parrish akiwa mmoja wa washereheshaji. Ndicho kinachohesabiwa kuwa kipindi kikubwa cha kwanza cha burudani mseto katika televisheni yenu. Mapema 1947 kikazimwa. Kineskopu, ile kamera ya kupiga filamu kioo cha televisheni, Kodak waliitoa Septemba mwaka huohuo, maiti ikiwa imeshazikwa. Kwa hiyo hakuna picha yake hata moja inayotembea. Zipo picha za mnato, na zipo sauti.

Kila ninaposoma habari zake nakuta maneno yaleyale: imebaki sauti tu. Hiyo "tu" ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Wakati Hour Glass kikiwa hewani, chama cha wanamuziki chini ya James Petrillo kilikuwa kimewakataza wanachama wake kupiga muziki wa moja kwa moja kwenye televisheni, na katazo hilo halikuondolewa hadi 1948. Kipindi cha nyimbo, bila bendi! Walifanyaje? Picha ya mnato ya Bi Parrish akitabasamu haina jibu. Sikio linalo. Fundi yeyote aliyekaa studio anatofautisha santuri inayochezwa pembeni na bendi iliyoketi chumbani, na akitulia atakwambia hata kama chumba ni kikubwa au kidogo, kina zulia au hakina.

Halafu kuna mashindano ya vipaji. Arthur Godfrey's Talent Scouts ilianza redioni 1946, na kuanzia Desemba 1948 CBS ikawa inairusha redioni na kwenye televisheni kwa pamoja. Mshindi hakuchaguliwa na majaji. Watu ukumbini walipiga makofi, mita ikayapima, sindano ikasema. Mwimbaji Patsy Cline alipopanda pale Januari 1957 akashinda, hukumu yake ilikuwa ni kelele za watu. Ondoa picha, mashindano bado unayo yote, hadi hukumu. Ondoa sauti, unabaki na watu wanaofumbua na kufumba midomo kama changu kwenye ndoo.

Nikiri kosa langu, maana si haki kumsema jirani huku nyumba yangu inavuja. Katika redio niliyofanyia kazi utepe ulikuwa haba, na tuliambiwa tufute vipindi vya zamani ili turekodi vipya. Nimefuta kwa mkono huu mashindano ya waimbaji wa mitaani, jioni moja baada ya nyingine, nikipiga mluzi. Hakuna aliyenilazimisha kupiga mluzi.

Kwenu walitupa baharini. Mwigizaji Edie Adams aliwaeleza watu wa Maktaba yako mwaka 1996 jinsi filamu za mtandao wa televisheni wa DuMont zilivyopakiwa kwenye malori matatu na kuishia katika maji ya ghuba ya New York. DuMont ndiyo iliyompa Hazel Scott, mpiga piano mweusi mzaliwa wa Trinidad, kipindi chake mwenyewe katika kiangazi cha 1950. Septemba alihojiwa na kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, na siku chache baadaye kipindi kikafutwa. Hakuna hata kimoja kinachojulikana kuwa kimesalia. Leo ukipata kwa mtu dakika tano za sauti yake, iliyojaa mikwaruzo, utasema "tu"?

Sauti zilizonusurika nazo zinakufa, kwa namna ninayoifahamu. Diski za studio za miaka ile zilikuwa za inchi 16, pana kama sinia ya wali, na upande mmoja ulibeba dakika 15 hivi, kwa hiyo kipindi cha saa moja kilikula pande nne. Ndani ni bamba la alumini, juu yake rangi laini ya laka ambamo sindano ilichimba mifereji. Vita vya Pili vya Dunia vilipoichukua alumini kwa ajili ya ndege, wakapaka laka juu ya kioo. Laka inasinyaa kadiri miaka inavyokwenda, bamba halisinyai, basi ngozi inapasuka na kubanduka, na mafuta yanajitokeza juu yake kama ukungu mweupe. Ya kioo ukiidondosha ndiyo basi. NBC waliwakabidhi diski za redio zipatazo 150,000 mwaka 1978. Humo na katika makusanyo mengine mliyopewa, zile zenye sauti ya televisheni ziko ngapi, na ziko katika hali gani?

Sisemi mmelala. Kituo chenu cha Culpeper, kilichofunguliwa 2007 ndani ya handaki la zamani la benki kuu, mafundi wa dunia nzima wanakionea wivu. Mnayo mashine ya IRENE inayopiga picha mifereji ya santuri bila kuigusa, hata iliyovunjika. Ninachoomba ni nafasi kwenye foleni. Mpenda redio anaiona sauti ya televisheni kuwa mtoto wa jirani. Mpenda televisheni anasubiri picha. Ifanyieni orodha yake yenyewe, muianze na diski za kioo, na picha isipewe nafasi ya kuichelewesha.

Kisha tusikie nasi. Sheria yenu ya 2018 imezifungia rekodi za zamani ambazo hazikuwahi kuchapishwa hadi Februari 2067. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango: rekodi ya zamani isiyouzwa popote inaweza kutumiwa bila biashara, ikiwa mtumiaji atatoa taarifa kwenye Ofisi ya Hakimiliki na siku 90 zikapita bila mwenye mali kupinga. Najua tungo zina wenyewe na hilo lina taratibu zake. Ila Ofisi ya Hakimiliki iko ndani ya Maktaba yako, Mheshimiwa. Unajiandikia barua mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mwaka 2011 mliafikiana na Sony, mkaweka mtandaoni santuri za kale zaidi ya 10,000, kwa hiyo njia mnaijua. Na sisi wa huku tunayo hisa yetu ndogo: Miriam Makeba, aliyekuja kuutembeza wimbo wa Malaika duniani, Wamarekani walimwona mara ya kwanza kwenye The Steve Allen Show, Novemba 1959.

Ombi la mwisho ndilo lenye haraka. Mnao mkusanyiko wa Original Amateur Hour, kipindi ambacho Ted Mack alikipeleka kwenye televisheni 1948, na ambamo Gladys Knight alishinda 1952 akiwa na miaka saba. Gladys tunamjua. Wapo wengine wengi walioimba dakika zao tatu, watazamaji wakawapigia au wasiwapigie kura kwa simu na kadi za posta, wakarudi nyumbani kuuza viatu. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1950 sasa amepita themanini. Watafuteni, muwawekee hedifoni, muwaulize nani alikuwa kwenye piano na nani yule anayekohoa nyuma. Waanzieni wazee, hata kabla ya diski.

Wako,
Fundi mitambo mstaafu,
Tanga.