Simu ya elfu nane ilipoingia sebuleni

Mwaka 2011, katika nyumba nyingi za Kenya, ubishi wa mume na mke ulikuwa na jina: Ideos. Baba amerudi jioni na kikasha kidogo mkononi. Mama anauliza bei. Anaambiwa ni kama elfu nane hivi, naye anaanza kuhesabu kimoyomoyo: karo, kodi, unga. Kwani ile simu ya zamani imeharibika? Haijaharibika.

Mama huyo hakuwa mbishi bure. Simu ya mulika mwizi ilipiga na kupokea, ilituma pesa kwa M-Pesa, ilikaa na chaji siku kadhaa, na stima zikipotea ilimulika njia hadi jikoni. Ideos haikuwa na tochi. Kamera yake ya megapikseli 3.2 haikuwa na taa yoyote, na betri yake ilikuwa ya kubembelezwa: ukiitumia intaneti tangu asubuhi, jioni unatafuta pa kuchaji. Kwa mahitaji ya mama, baba alikuwa amelipa pesa nyingi kununua upungufu.

Lakini baba naye alikuwa ameona kitu. Huawei ilikuwa imeionyesha simu hii mjini Berlin Septemba 2010, nayo Safaricom ikaiuza Kenya. Ilikuwa ndogo, kioo chake inchi 2.8 tu, na chini yake bado kulikuwa na vitufe vya kupiga na kukata. Hata hivyo ilikuwa ya kugusa kwa kidole, na ilitumia Android 2.2, mfumo uleule uliokuwa kwenye simu za bei ghali. Hadi wakati huo, simu za aina hiyo ziligharimu makumi ya maelfu na zilionekana mikononi mwa mameneja. Kufikia Agosti 2011 iliripotiwa kuwa Ideos zaidi ya 350,000 zilikuwa zimeuzwa nchini.

Jibu la swali la mama lilikuwa mahali ambapo wanunuzi wengi hawakutazama siku ya kwanza. Ideos iliweza kuchukua intaneti ya laini na kuigawa bila waya kwa vifaa hadi vinane. Kwa nyumba yenye kijana wa chuo na kompyuta kuukuu, hiyo ilimaanisha kazi ya darasani kufanywa mezani pa kulia chakula badala ya kwenye saiba, ambako dakika zilihesabiwa na giza likiingia mzazi hakai kwa amani. Simu ya baba ikawa intaneti ya nyumba nzima.

Ikawa pia chanzo cha kesi. Mtu aliyezoea mulika mwizi alijua kwamba salio huisha ukipiga simu au ukituma ujumbe. Hii ilikula salio ikiwa imelala kifudifudi mezani, kwa sababu programu ziliendelea kuvuta barua pepe na taarifa mpya usiku kucha. Asubuhi kredo haipo, na mshukiwa wa kwanza ni mtoto. Mtoto anaapa hakuigusa, na mara nyingi alikuwa akisema kweli. Kuzima data kabla ya kulala kungeokoa pesa na kelele pia, ila aliyejua pa kuizimia ni huyohuyo mtoto.

Hapo mambo ya nyumbani yaligeuka kidogo. Ili kupata programu, baba alihitaji akaunti ya Google. Hakuwa nayo, basi akafunguliwa na bintiye wa sekondari, na neno la siri likachaguliwa na binti. Mkubwa wa nyumba akawa anaomba ruhusa ya kuingia kwenye simu yake mwenyewe. Wengine walicheka. Wengine waliona heshima imeguswa, wakaificha simu chini ya mto.

Kuficha huko ndiko kulikoumiza zaidi. Mulika mwizi ilikaa juu ya kabati, ikilia anapokea aliye karibu. Ideos ilikuwa na kufuli la kuchora kwa kidole juu ya vitone tisa. Ghafla mke anaona mume akichora kitu na kugeuza kioo upande, au mume anamwona mke akifanya vivyo hivyo. Pengine hakukuwa na lolote zaidi ya mtu kufurahia mchezo mpya, maana kufuli lenyewe lilikuwa dhaifu: mafuta ya kidole yaliacha alama kwenye kioo, na aliyeiinamisha simu kwenye mwanga aliisoma njia yote. Wapo waliofungua namna hiyo, wakakuta picha za mechi na ujumbe wa chama, kisha wakabaki na kazi ya kueleza kwa nini walifungua.

Simu yenyewe ilichoka upesi. Nafasi ya ndani ilijaa baada ya programu chache, na michezo mingi ilikwama kwenye kioo kile kidogo. Ilipokuja nyingine, Ideos ikaachiwa mtoto wa mwisho, ikasikilizwa redio hadi betri ikafura. Kadi ya kumbukumbu ilitolewa kwanza na mama, kwa kuwa humo mlikuwa na picha ya nyanya aliyopigwa nyumbani Desemba, yenye ukungu kidogo.