Anwani Bila Ramani

Wapo wataalamu wanaodhani kwamba namba pekee ni elimu. Mimi nakataa. Chukua ugonjwa wa seli mundu, unaowatesa watoto wetu wengi. Chanzo chake ni herufi moja tu ya DNA katika kromosomu ya 11. Katika ramani ya jenomu ya mwaka 2009, GRCh37, herufi hiyo ni ya 5,248,232. Katika GRCh38 ya mwaka 2013, ni ya 5,227,002. Mwili haukubadilika, ramani ndiyo iliyosahihishwa.

Nilipata kuletewa jedwali la namba za namna hiyo, bila jina la ramani. Nilipoteza siku mbili nikilinganisha herufi moja moja. Wenyewe walisema, “Mtaalamu atajua.” Huo ni uzembe! Faili za kuhamisha namba kutoka ramani moja hadi nyingine zipo kwenye intaneti. Lakini zitamfaa nini asiyejua aanzie ramani ipi?

Kwa hiyo nasema: atoaye namba ataje ramani yake, na kama amezihamisha, aeleze ametumia faili gani. Asiyefanya hivyo ametupa namba ya nyumba, akatuficha mtaa.