Mtoto mwenye asima aachwe acheze nje

Lubero, Kivu ya Kaskazini. Saa moja ya asubuhi baridi ya Lubero ingali inakata masikio. Katika nyumba nyingi zilizopokea wakimbizi wa ndani, mtoto mwenye kifua kibaya hatoki. Anawekwa jikoni karibu na mafiga, amefunikwa kitenge, wakati ndugu zake wanafukuzana barabarani na mpira wa majani ya migomba. Mama yake anaamini kwamba anamlinda, na jirani yuko tayari kumsema mzazi yeyote anayemwachia mtoto wa asima akimbie nje: eti hana huruma, eti vita vimemfanya asijali tena.

Jirani huyo amekosea, ingawa hofu yake ina sababu. Familia nyingi zilizokimbia tangu Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na zile zilizokimbia tena Desemba ya mwaka huo vita vilipofika Alimbongo, zilitoka sehemu za joto. Mtu wa Vitshumbi amezoea hewa ya ziwa Edouard, kwenye mita 900 na kidogo juu ya bahari. Lubero iko karibu mita 2000. Kila mita 1000 mtu anazopanda, joto linapungua kwa digrii 6 hivi. Mtoto aliyekuwa akikohoa mara moja moja kule bondeni, huku juu anaanza kupiga filimbi kifuani kila usiku, na wazazi wanahesabu: imeletwa na baridi.

Hesabu hiyo ina nusu ya ukweli. Mtoto anapokimbia anahema kwa mdomo, na hewa baridi iliyo kavu inafika kwenye mapafu kabla pua haijaipasha moto. Kwa mwenye pumu, ambayo wengi hapa huita asima, mirija ya hewa inajikaza na pumzi inakuwa fupi. Lakini kwa watoto wadogo, kinachoamsha ugonjwa mara nyingi zaidi ni mafua, na mafua huambukizana pale watu wanapolala wamebanana kwenye chumba kimoja. Tena kuna moshi. Kuni mbichi zikiwashwa kwenye jiko lisilo na dirisha, mtoto anavuta ule moshi saa nzima, asubuhi na jioni, bila hata kukimbia. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Baridi ya uani haina hesabu kama hiyo.

Kwa hiyo anayemtoa mtoto nje na kumfungia jikoni hawako sawa. Wa pili ndiye anayemwingiza katika hatari kubwa, hata akifanya hivyo kwa upendo. Na mtoto asiyekimbia kamwe anazidi kudhoofu: siku akipanda mlima kwenda kuteka maji, hatua kumi tu amechoka, na watu wanasema ni asima imezidi. Kuna jambo lingine pia ambalo watu wazima hulisahau upesi. Huyu mtoto alisikia risasi, akaacha nyumba, mbuzi na rafiki. Mchezo wa uani ni kati ya vitu vichache alivyobaki navyo.

Kumwachia si kumtupa. Jua likishapanda na ukungu ukaondoka, saa tatu au saa nne, hewa inakuwa nyingine. Avae triko na kofia, na kitambaa kizungushwe puani na mdomoni ili pumzi yake mwenyewe iipashe hewa moto. Aanze kwa kutembea, kisha michezo ya kusimama na kupumzika, kama kuruka kamba kwa zamu. Mbio ndefu zije baadaye. Siku akiwa na mafua, au kama alikohoa usiku kucha, siku hiyo apumzike, lakini mbali na moshi. Na kaka au dada anayecheza naye aonyeshwe kifua kinachobana kinafanana na nini, maana mama hawezi kuwa uani na shambani kwa wakati mmoja.

Juu ya pompa, maneno ni mengi kuliko ujuzi. Wengine wanasema mtoto akianza kuivuta hataacha tena, kama mtu wa pombe. Si kweli. Salbutamol inafungua mirija kwa dakika chache, na ikivutwa inafanya kazi upesi na kwa usalama zaidi kuliko ile ya sirop au vidonge, ambayo hutetemesha mikono na kuenda mbio na moyo. Kwa watoto wengine muganga anaagiza ivutwe dakika 10 au 15 kabla ya mchezo. Mtoto anayeihitaji kila mara anapaswa kuonwa tena, kwa sababu pengine anahitaji dawa nyingine ya kuvuta kila siku, inayotuliza uvimbe ndani ya mirija.

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja. Sehemu kubwa ya dawa inaishia mdomoni na kooni. Kwa hilo chupa ya plastiki ya maji, ya nusu lita, inatosha. Kitako kinatobolewa tundu linalolingana na mdomo wa pompa, pembeni panazibwa vizuri, na mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa: bonyezo moja, kisha anapumua polepole mara kadhaa. Waganga wa Cape Town, Afrika Kusini, waliipima chupa hiyo na kutangaza mwaka 1999 kwamba inafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Chupa za namna hiyo zinatupwa kila siku katika soko la Lubero. Pompa yenyewe ndiyo shida, na wanaogawa mablanketi na madumu wangefanya vema kuuliza pia ni familia ngapi zina mtoto wa asima.

Kuna wakati ambapo hakuna mchezo wala mjadala. Mbavu zikiingia ndani kila anapohema, akishindwa kuongea au kunywa, midomo ikigeuka rangi ya bluu, au akianza kusinzia baada ya kuhangaika, apewe pompa kama anayo na abebwe kituo cha afya papo hapo, hata kama ni usiku.

Linabaki jambo la shule. Familia zinazolala madarasani hutakiwa kutoka kabla wanafunzi hawajaingia, na kutoka huko ni saa kumi na mbili, wakati ukungu bado umelala juu ya paa. Watoto wanakaa kwenye ukuta wakitetemeka, au wanakimbilia moto uliowashwa uani na kuukumbatia pamoja na moshi wake. Hapa ndipo baridi inapoumiza kweli, na hapa hakuna aliyechagua. Wakurugenzi wa shule wana haki ya kutaka madarasa yao. Masomo ya watoto wa Lubero nayo yameshapotea ya kutosha. Lakini chumba kimoja, hata kile cha kuwekea vitabu, kingeweza kuachiwa wenye vifua vibovu hadi saa mbili na nusu. Komite za wakimbizi zinawajua watoto hao kwa majina, na orodha hiyo inaweza kuandikwa kwa asubuhi moja.